Mnazi wa Mwanangu kwenye Uwanja wa Kupanga

Mkataba wangu haujabadilishwa hata herufi moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kule barabarani wanapenda kusema nilifukuzwa, na wengine wanasema nilishindwa kodi. Waongo. Kodi nililipa mbele, na karatasi ninayo. Ina sahihi yangu, sahihi ya mwenye nyumba na mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Imeandikwa miaka mitatu, vyumba viwili na uwanja wa ubavuni. Naandika haya nikiwa Mbwera, kwa mama yangu, na muda wa mkataba bado haujaisha. Kisheria nyumba ile ni ya kwangu kukaa.

Ipo kando ya barabara kuu, kijiji kinachopakana na Kibiti mjini. Tuliipanga kwa ajili ya biashara yangu ya mikeka. Mume wangu kazi yake ni kupakia na kupakua mizigo Nyamisati kwenye boti za Mafia, hivyo nyumbani anakuja akipata nafasi. Mie nilikuwa nanunua ukindu, nachemsha na rangi kwenye sufuria kubwa pale uwanjani, naanika, nasuka ukili, ile mikanda ya mkeka, kisha nashona. Mikeka ya harusi naitundika barazani, wenye magari wanaiona kwa mbali na wanasimama. Kazi hiyo bila uwanja haifanyiki. Ndiyo maana siku ya kuandikishana nilisema uwanja uandikwe.

Mwenye nyumba alicheka. Akasema, "Mwanangu, uwanja si huo unauona? Unauandikia nini?"

Nikasema uandikwe. Mie mbishi, silifichi hilo. Mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Ukaandikwa.

Yeye ni mtu mzima, mpole, kofia yake safi siku zote, sauti yake ya chini kama ya mtu aliyekaa na mgonjwa. Sijawahi kumsikia akigomba. Mwanzoni nilimshukuru Mungu kwa kupata mwenye nyumba wa namna ile. Baadaye nilitamani angalau siku moja apige kelele, nijue niko na binadamu wa kawaida.

Mama yake mzazi alikuwa hai, wanakaa pamoja nyumba ya pili, karibu kabisa na ukuta wetu. Bibi yule alinipenda. Asubuhi akishakunywa uji anakuja na kigoda chake, tunakaa kivulini tunasuka ukili, yeye haoni vizuri lakini vidole vinaona. Ananitania kwa Kindengereko akijua sisikii, kisha anacheka peke yake mpaka anafuta machozi. Mwanawe akipita anasema, "Mama, usimchoshe mpangaji." Naye anajibu, "Mpangaji ni wewe, huyu mwanangu."

Tulikaa hivyo mwaka mzima bila neno. Kisha nikajifungua mtoto wa kike.

Mama alikuja kunilea uzazi. Alitoka Mbwera kwa boti mpaka Nyamisati, akapanda bodaboda, na njia nzima mapajani amepakata nazi iliyochipua. Kwetu visiwani kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa, na juu yake unapandwa mnazi. Mnazi ule ni wa mtoto mpaka anazeeka. Wa kwangu upo, ninauona kutoka hapa nilipokaa. Na kwetu hakuna nyumba ya kupanga. Mama yangu hajapata kukaa kwa mtu maisha yake yote. Kwake uwanja ni uwanja. Siku kitovu kilipodondoka alichukua jembe, akatafuta penye jua la kutosha, akachimba katikati ya uwanja na kupanda. Mie nilikuwa ndani na kichanga, nalisikia jembe nje, na furaha ilinijaa mpaka nikalia. Hakuna aliyewaza kitu.

Mwenye nyumba alikuja kutupongeza siku ya pili yake, na kilo za sukari na sabuni ya mtoto. Mama akamwekea chai barazani. Nilimwona kupitia dirishani ameshika kikombe, anatazama uwanjani.

"Huo nani kaupanda?" aliuliza.

"Mie," mama akajibu kwa fahari. "Wa mjukuu wangu."

"Wa mjukuu," alisema naye, taratibu. Akakiweka kikombe chini, chai imebaki nusu, akaaga.

Bibi ndiye aliyenifungua macho, arobaini ilipokwisha na nikaanza kukaa nje. Alipapasa mpaka akaufikia mche, akayashika majani yake. Kisha akaniambia kuwa zamani, kwao Mtunda, mume wake alimkaribisha mtu kwenye shamba. Mtu mwenyewe hana pa kukaa, ana watoto, wakamwonea huruma. Akapanda minazi, akapanda mikorosho, hakuna aliyemkataza. Alipokufa, watoto wake walisimama mbele ya wazee wakasema, hii minazi nani kaipanda? Baba yetu. Basi na ardhi ya baba yetu. Na wakaipata.

"Mwanangu alikuwa mdogo," bibi akasema. "Alimwona baba yake analia mbele za watu. Akiuona mnazi huu hakuoni wewe. Anawaona wale."

Sasa nilielewa, na nilimhurumia, wallahi. Jioni ile ile nilimwendea na mtoto begani. Nikamwambia, baba, mnazi ni wa kitovu tu, hatudai ardhi ya mtu, siku tukiondoka tunauacha ulivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Basi tubadilishe mkataba kidogo tu."

Kidogo tu. Akaingia ndani akatoka na karatasi ambayo ilikuwa imeshachapwa. Kwa hiyo kabla sijaenda kwake alishakwenda stationeri ya mjini. Niliisoma nimesimama. Ilisema mpangaji haruhusiwi kupanda mti wowote wa kudumu, na akipanda mkataba umevunjika. Ilisema mwenye nyumba anaweza kumtoa mpangaji akimpa taarifa ya mwezi mmoja. Uwanja haukutajwa kabisa. Na chini, pa kuweka tarehe, palikuwa na tarehe ya ule mkataba wetu wa kwanza.

Nikamwambia, "Baba, nikitia sahihi hapa leo, si nitakuwa nimeshavunja tangu zamani? Mnazi umeshapandwa."

"Ni utaratibu tu," akasema.

"Utaratibu wa kunitoa."

"Mimi sijasema utoke."

Nilimrudishia karatasi yake. Nilimwambia tulikubaliana watu wawili, tukatia sahihi watu wawili, na kama kuna la kubadilisha tutabadilisha watu wawili tukipenda, na mie sipendi. Sauti yangu ilipanda, mtoto akaanza kulia. Yeye aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa kanzu. Akanisindikiza mpaka kwangu, akauliza kama mtoto ananyonya vizuri.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila baada ya alasiri. Hasemi kitu. Anasimama pembeni mwa uwanja, mikono nyuma, anautazama mnazi, kisha anauliza, "Umeshafikiria?" Nikisema sina cha kufikiria anasema, "Haya, mwanangu," anaondoka. Ungekuwa ugomvi ningeuweza, maana mdomo ninao. Lakini mtu anakuulizia hali ya mtoto, anakuletea maembe, huku mfukoni mwake karatasi inaonekana kwa juu, unamfanya nini?

Mlango wa choo ukaondoka. Nilirudi sokoni nikakuta bawaba tupu. Mwenye nyumba akasema umekwenda kwa fundi. Tukawa tunajistiri kwa kipande cha jamvi. Kisha wakaanza kuja watu nisiowajua, wanaonyeshwa nyumba na mie nimo ndani, wanapita ubavuni mwa sufuria yangu ya rangi, wanaangalia dari. Mmoja aliniuliza natoka lini. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Mume wangu alipokuja alisema, "Tuhame. Nyumba zipo nyingi." Yeye ni mtu wa maji, boti ikikaa vibaya anashuka. Nikamwambia kuwa tukihama kwa hili, kila nyumba tutakayopanga tutahama, kwa sababu kila mwenye nyumba ana jambo lake kidogo tu. Nikamwambia mie nina haki. Aliniangalia. Akasema, "Haki unayo. Nakuogopea tu." Nilimwona mwoga.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, yule yule aliyetupigia mhuri, naye akatupeleka baraza la kata tukasuluhishwe. Nilikwenda na mkataba wangu ndani ya mfuko wa nailoni. Siwezi kusema vibaya juu ya wale wazee na mama mmoja waliotusikiliza. Walisoma, wakauliza maswali ya maana. Wakasema mkataba ukishatiwa sahihi ni wa pande mbili, upande mmoja hauwezi kuubadilisha peke yake, wala kumlazimisha mwenzake. Wakasema mlango wa choo urudi. Wakasema pia mnazi haunipi ardhi, na nikakiri mbele yao kuwa haunipi, na hilo likaandikwa ili mwenye nyumba atulie moyo. Akaulizwa ameridhika?

"Nimesikia," akasema.

Sikulitilia maanani neno hilo. Nilitoka pale natembea kifua mbele. Mlango wa choo ulirudi kesho yake, na bawaba mpya. Mwenye nyumba akaacha kuja alasiri. Mikeka ilikuwa inatoka, msimu wa harusi, mtoto ameanza kukaa, na mnazi umetoa jani jipya. Nilimwambia mume wangu kwenye simu, unaona?

Kisha bibi akaugua. Alianza na miguu kuvimba, halafu akawa hatoki kitandani. Kila asubuhi nilimpelekea uji na kumkalisha. Siku moja alinishika mkono akasema, "Mie nikiondoka, kwangu Mtunda. Ubavuni mwa mume wangu. Nimeshamwambia mwanangu." Nikamwambia aache maneno hayo, atapona. Akacheka kidogo, akaniambia neno la Kindengereko, na hakunitafsiria.

Wiki hiyo nilikuwa nakoroga ukindu sufuriani nikaona wanaume wawili wanaingia uwanjani na mwenye nyumba. Mmoja alikuwa na mwanzi mrefu. Wakaulaza chini, hatua mbili kutoka kwenye mnazi, wakaweka alama kwa kisigino, wakaulaza tena upande mwingine. Walikuwa wanasema kwa sauti ya chini. Nilidhani wanapima kujenga banda, hasira zikanipanda, nikawaendea na mwiko wa rangi mkononi. Nikamwambia uwanja umo kwenye mkataba, hapa hajengi kitu.

"Sijengi," akasema. "Mama ni mgonjwa, mwanangu. Hatujui ya Mungu."

Mwiko ulikuwa unadondosha rangi nyekundu mguuni mwangu na sikuisikia. Kesho yake wakaleta viunza, zile mbao za kufunika mwanandani kaburini, wakazipanga vizuri ukutani, chini ya dirisha la chumba ninacholala na mtoto. Bibi alikuwa bado anapumua nyumba ya pili, hatua chache tu kutoka pale. Nilikuwa namsikia akikohoa.

Wanaotoka nje ya pwani yetu huenda wasielewe, kwa hiyo nitasema wazi. Kwetu mti unaonyesha nani alikaa mahali. Lakini kaburi linashinda mti. Ukishamlaza mzazi wako ardhini, nani atakuja kukuuliza ardhi hiyo ni ya nani? Na hakuna baraza, hakuna mwenyekiti, hakuna karatasi yenye mhuri itakayosimama mbele ya mtu na kumkatalia kumzika mama yake kwenye kiwanja chake. Nilikwenda kwa mwenyekiti hata hivyo. Aliangalia chini. Akasema, "Hapa kijijini watu wanazika makwao. Mimi nitasemaje?" Nikamwambia uwanja ni wangu mpaka mkataba uishe. Akasema, "Ni wako. Haondoi kitu. Anazika tu."

Bibi alifariki Ijumaa asubuhi. Walikuja kuchukua mkeka kwangu wa kumlazia. Nilitoa ule tulioushona pamoja, wa rangi ya zambarau, sikutaka malipo. Wanawake tulikuwa ndani tunalia, wanaume nje wanachimba, na kila jembe likipiga nilijua linapiga wapi. Nilishindwa. Nilitoka, nikapita katikati ya wanaume waliokaa, nikamwambia mwenye nyumba mbele yao wote, "Bibi alisema azikwe Mtunda. Kwa mume wake. Aliniambia mwenyewe."

Yeye aliinua uso, macho mekundu kwa kulia, na yale machozi yalikuwa ya kweli, sitamnyima hilo.

"Mimi ndiye mwanawe," alisema. "Angeniambia mimi."

Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mwanangu, rudi ndani. Leo si siku ya mambo ya nyumba." Na wote wakaniangalia kama mtu aliyekuja kugombea uwanja kwenye msiba. Kuanzia hapo kijiji kizima hakikuniita tena mama wa mikeka. Nilikuwa yule aliyetaka kuzuia maziko. Nilirudi ndani, nikamkumbatia mtoto, na bibi akashushwa hatua mbili kutoka kwenye mnazi wa mwanangu.

Nilikaa. Niseme hivyo, nilikaa. Nilisema marehemu hana neno na mie, alinipenda, nitamwombea dua kila asubuhi. Na niliomba kweli. Lakini sehemu ya kuanikia ukindu ilikuwa imekwisha, sufuria nikaisogeza mpaka inakaribia choo, na mwenye nyumba akawa anakuja kila Alhamisi jioni na watu kusoma Yasini. Wanakaa barazani kwangu, chini ya mikeka yangu ya harusi. Nitawazuiaje? Gari likipunguza mwendo, dereva anaona watu wamekaa na vitabu na kaburi bichi pembeni, anakanyaga mafuta. Bibi harusi gani atanunua mkeka wa kulalia mahali kama pale? Walioendelea kuja ni wafiwa. Wanakuja haraka, hawachagui rangi, wanauliza tu kama unatosha urefu wa mtu mzima. Nikaacha kushona ya harusi.

Mwenye nyumba hakuuliza tena kama nimeshafikiria. Aliniambia mara moja tu, akivaa viatu baada ya dua, "Mwanangu, ukichoka, ile karatasi bado ninayo." Nikamwambia sijachoka. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupani.

Mtoto akaanza kutambaa, kisha kusimama. Alizoea kwenda uwanjani, anajishika kwenye shina la mnazi wake, ananitazama anacheka. Siku ile nilikuwa barazani nakata ukili, asubuhi, jua limeshapanda, na mwenye nyumba alikuwa kaburini anang'oa majani. Sikumjali, ilikuwa kawaida yake. Alipoondoka nikageuka kumtafuta mtoto.

Alikuwa amekaa chini kati ya kaburi na mnazi, anachezea mchanga. Amezungukwa na vijiti vinne vya mkoko vilivyochongwa vizuri, vimepigwa ardhini pembe nne. Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilisimama pale nikaona kwamba mtoto wangu akilala hapo anaenea, na nafasi kidogo inabaki ya kukua.

Nilimnyakua. Nikatoka naye mbio mpaka nyumba ya pili, sikupiga hodi. Nikamuuliza, "Ile ya nani?"

Alikuwa ananawa mikono. Hakushtuka. "Ya akiba," alisema. "Ardhi ya ukoo, mwanangu. Nyumbani kuna watu, kuna watoto. Hatujui ya Mungu." Akanyoosha kidole kilicholowa, akamgusa mwanangu shavuni.

Labda hakuwa na maana yoyote. Mume wangu anasema hivyo, kwamba ni woga wa mzee aliyepoteza shamba, kwamba angejaza uwanja mzima vijiti akiweza. Huenda. Mie sikukaa kuhakikisha. Nilimpigia simu mume wangu nikamwambia njoo na gari lolote, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumefunga vyombo, ukindu mwingine bado umo kwenye rangi. Mie, niliyekataa kutoa hata herufi, nilitoa nyumba nzima.

Nilimpelekea funguo. Alizipokea kwa mikono miwili. "Lakini muda wako bado, mwanangu," akasema. "Mkataba unaruhusu. Mimi sijakufukuza."

Na kweli, hakunifukuza. Ukinipeleka popote nikaulizwa alivunja kipengele gani, sina cha kuonyesha. Choo kina mlango. Karatasi yake sikuitia sahihi.

Mama alitupokea Mbwera bila maswali. Alimchukua mjukuu wake, akamkagua vidole, akampaka mafuta. Baada ya siku kadhaa ndipo akauliza, mnazi umemwachia nani? Nikasema tumeuacha. Aliingia jikoni, na tangu hapo hajapanda mwingine, maana kitovu ni kimoja na kiko kule. Mtoto akipata homa hata ndogo, mama ananiambia nipige simu kijijini niulize mnazi unaendeleaje. Mie namwambia aache mambo hayo. Kisha napiga.

Wananiambia unastawi. Mwenye nyumba anaumwagilia maji mwenyewe kila asubuhi, na vile vijiti bado vipo.